Mkunga wa Ukurasa wa Nne

Nchi yenyewe inaitwa Jamhuri ya Heko, na msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu mchora ramani alipewa maoni mengi mno kuhusu mipaka yake, na mpaka leo hajamaliza kuirekebisha. Nalisema hili mapema asije mtu akanishika shati kwamba nimeisema nchi yake. Mimi nasimulia tu.

Heko ina sheria nzuri sana, Sheria ya Maoni Yenye Kujenga. Sheria inasema andiko lolote la kusomwa mbele ya watu zaidi ya kumi sharti lipite kwanza kwa Afisa Maoni. Afisa naye kafungwa mikono: hawezi kutoa maoni kabla ya kutoa pongezi tatu, tena maoni yenyewe ayaandike kwa wino wa kijani, kwani wino mwekundu ulipigwa marufuku baada ya wataalamu kugundua kwamba unabomoa. Mwandishi akishasomewa, huishika karatasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa na kusema, "Nimepokea, nimejengeka." Asiyesema huandikwa kwenye daftari kuwa ni mgumu wa kujengeka, na mtu wa namna hiyo hata barua ya posa haimfikii mkwe.

Bwana mmoja wa mjini alibandika getini kibao cha maneno mawili: Mbwa Mkali. Akaletewa maoni kwamba kibao kinatisha, hakimthamini mgeni wala hakitaji mazuri ya nyumba. Bwana akajengeka. Kibao kipya kikasomeka: "Karibu sana mgeni wetu mpendwa katika nyumba hii ya amani, maua na upepo mwanana, ambamo miongoni mwa wakazi yupo pia mbwa mwenye moyo wa kujituma." Wageni walikisifia mno. Ila wengi wao walikuwa hawajafika kwenye "miongoni" mbwa anapowafikia.

Sasa twende Lwamba, kijiji cha mbali, kilomita sitini kutoka hospitali ya wilaya, ambako gari ni lori la mnada linalopita kila Jumanne. Huko aliishi Mwalimu Lugendo, mstaafu, aliyefundisha watoto kuandika insha kwa miaka thelathini na mitatu. Kijiji kilimfanya katibu kwa sababu ya mwandiko wake. Alikuwa mtu mwema, mpole, mjane asiyemsumbua mtu, na udhaifu wake ulikuwa mmoja tu: ukimsifia maandishi yake, anasahau alikuwa anakwenda wapi.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja, Nyamizi, mwenye umri wa miaka ishirini na sita. Mumewe alikuwa migodini, na yeye alirudi kwa baba yake kujifungua. Mimba ya kwanza ilimtoka akiwa na miezi saba, damu ikamwagika karibu imchukue na yeye, akaokolewa na Bi. Sikitu, mkunga wa zahanati ya Lwamba. Sasa Bi. Sikitu alikuwa amestaafu na hakuletwa mwingine. Zahanati ilikuwa imefungwa miezi kumi na mmoja, hata nyigu walikuwa wamejenga kwenye tundu la kufuli.

Ndipo ikaja habari kwamba Naibu Waziri wa Uzazi, Ustawi na Mapokezi atatembelea Lwamba, na kijiji kimwandalie risala.

Mwalimu Lugendo aliiandika asubuhi moja, akamsomea Nyamizi aliyekuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage. Ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ilianza hivi: "Mheshimiwa, kijiji hiki hakina mkunga. Tangu Januari wanawake wanne wamekufa wakijifungua."

Nyamizi akaacha maharage. "Hapo baba umesema," akasema. Kisha akaongeza: "Nilikuwa nawaza niende mjini kwa shangazi mapema. Nikae huko mpaka nijifungue."

"Ukajibane kwa watu kwa nini, mwanangu? Una miezi miwili bado, na mgeni anakuja mwezi ujao. Mkunga ataletwa hapa hapa mlangoni."

Nyamizi akaridhika. Kama huwezi kumwamini baba yako, tena mwalimu, utamwamini nani?

*

Afisa Maoni wa wilaya ile aliitwa Ndugu Mabruki. Alikuja kwa pikipiki, begani ana mkoba, mfukoni ana kalamu tatu za kijani. Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mtu katili, ingenirahisishia kazi. Lakini alikuwa mtu mzuri, mcheshi, anayewapenda watu na kuyapenda maandishi, na alikunywa uji wa Nyamizi akaushukuru kwa dhati.

"Mwalimu," alianza, "kwanza nakupongeza kwa mwandiko. Pili, pambizo zimenyooka. Tatu, karatasi ni safi, haina doa la mafuta. Sasa tujenge kidogo. Mgeni anashuka garini, ana vumbi, hajanywa hata maji, na wewe unampokea na maiti wanne. Ungekuwa ni wewe ungejisikiaje?"

Mwalimu Lugendo akafikiri. Si kweli kwamba kila siku aliwaambia wanafunzi wake mwanzo wa insha umkaribishe msomaji? Akaona haya. "Nimepokea, nimejengeka," akasema, na wale wanawake wanne wakasogezwa ukurasa wa pili, nyuma ya salamu, itifaki na historia fupi ya kijiji.

"Baba, mkunga yupo?" Nyamizi aliuliza jioni ile.

"Yupo. Ukurasa wa pili, katikati."

Wiki iliyofuata Ndugu Mabruki alirudi. Akapongeza salamu, akapongeza itifaki, akaipongeza historia fupi kwa kuwa fupi. Kisha akagusa ukurasa wa pili kwa ncha ya kalamu, taratibu, kama daktari anayegusa jipu.

"Hili neno, 'wamekufa'. Ni zito, Mwalimu. Linaangusha sentensi. Huko wizarani tunapendelea 'changamoto'. Tuseme, 'wanawake wanne wamekumbwa na changamoto ya kudumu'."

"Ndugu Afisa, hao wanne nawajua kwa majina. Mmoja nilimfundisha darasa la tatu."

"Ndiyo maana hisia zako zimeingia kwenye uandishi," Ndugu Mabruki akasema kwa huruma ya kweli. "Inatokea. Hata mimi nilipoandika risala ya mazishi ya mama yangu, mkuu wangu alinisaidia kupunguza mama."

Mwalimu Lugendo akainama, akapokea. Na alipoinakili upya, changamoto ya kudumu ikahamia ukurasa wa tatu, kwani shukrani za barabara zilikuwa zimeongezeka.

"Mkunga bado yupo?"

"Yupo, mwanangu. Wa tatu, chini."

Nyamizi akajishika kiuno, akacheka. "Naye anatembea kweli huyo. Afike tu."

Mara ya tatu, maoni yalihusu ombi. Ndugu Mabruki alieleza kwamba ombi linamfanya mkubwa ajione anadaiwa, na mtu mzima akijiona anadaiwa hununa. Ufundi ni kumshukuru kabla hajatoa, ili asipotoa aone aibu mwenyewe. Mwalimu Lugendo alilipenda wazo hilo. Lilikuwa na ujanja wa kiuandishi ambao hakuwahi kuufikiria katika miaka yake yote thelathini na mitatu. Akaandika: "Tunatanguliza shukrani kwa mkunga ambaye tunaamini utatuletea."

Mara ya nne, siku mbili kabla ya ugeni, kilichobaki kilikuwa kitu kidogo tu. Ukurasa wa nne ulikuwa wote wa shukrani: tunashukuru kwa barabara, tunashukuru kwa bendera, tunashukuru kwa kibao cha zahanati. Vyote hivyo vilikuwepo. Mkunga peke yake hakuwepo, na hilo, Ndugu Mabruki alisema, lilikatisha mtiririko. Msikilizaji anateremka mlima vizuri, halafu anakuta shimo. Basi sentensi ikafupishwa ili ifanane na dada zake: "Tunashukuru kwa huduma za mkunga."

Mwalimu Lugendo alibaki na karatasi mkononi. "Lakini Ndugu Afisa, huyu mkunga hatunaye."

"Mheshimiwa anajua hamnaye. Wizara nzima inajua. Atawasikia mnashukuru, ataelewa. Hawa ni watu wasomi, Mwalimu, mambo hawatafuniwi."

Afisa aliposhika njia, Mwalimu alijisomea kurasa zote nne kwa sauti. Ilikuwa risala nzuri. Ilipanda na kushuka, haikujikwaa popote, kila neno lilishikana mkono na mwenzake. Nadhani hicho ndicho kilichomponza. Ingekuwa mbaya angeitilia shaka.

*

Siku ya ugeni Mheshimiwa alifika na magari saba. Kwenye gari la tatu, kioo kimeshushwa, alikaa mwanamke wa makamo aliyevaa sare nyeupe, amepakata sanduku la bati. Gari lilisimama karibu na Nyamizi, aliyekuwa pembezoni mwa umati, mkono mmoja mgongoni.

"Miezi mingapi, mdogo wangu?" mwanamke aliuliza.

"Wa tisa umeingia, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Miguu mbona imevimba hivyo? Usisimame juani. Nitakuona baadaye."

Mwalimu Lugendo, ameshasimama kwenye kipaza sauti, aliona yote hayo kwa mbali. Alimwona mwanamke mwenye sare nyeupe, aliliona sanduku, akaona binti yake akicheka. Moyo wake ukaruka kwa furaha. Alianza kusoma, na sauti yake ya darasani ikamrudia. Watu walisikiliza wamekaza macho. Salamu zikapita, itifaki ikapita, changamoto ya kudumu ikapita bila mtu kugeuka. Alipofika ukurasa wa nne alisimama.

Sentensi ilikuwa pale, inamtazama. Aliinua macho, akamtafuta Nyamizi. Kisha akamwona Ndugu Mabruki kwenye safu ya pili, anatikisa kichwa kumtia moyo, midomo inafuatisha maneno, kwani naye alikuwa ameikariri. Watu mia nne walikuwa wanasubiri. Mgeni rasmi alikuwa anatabasamu. Mwalimu Lugendo angeweza kusema neno moja la kwake, moja tu, na kila nikifika hapa katika habari hii natamani aliseme.

"Tunashukuru," akasoma, "kwa huduma za mkunga."

Makofi yalilia mpaka kuku wakakimbia.

Mheshimiwa Naibu Waziri akainuka, akarekebisha koti, akafuta jasho kwa leso yenye nembo ya wizara.

"Wananchi wa Lwamba! Heko!"

"Heko!"

"Nimesomewa risala nyingi, nyingine zinatia kichefuchefu. Juzi nilikuwa Malungu. Wananchi wale hawana mwalimu, hawana katibu, Afisa Maoni hajawahi kufika kwa sababu ya matope. Wamenisomea risala iliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari. Nainukuu yote: 'Hatuna mkunga. Wanawake wanakufa. Tuletee.' Ndugu zangu! Hakuna salamu, hakuna itifaki! Niliona aibu kwa niaba yao."

Umati ukaguna kwa kuwaonea aibu watu wa Malungu.

"Sasa sikilizeni. Katika msafara wangu nina mkunga mmoja, mmoja tu kwa wilaya nzima, na mwongozo wa wizara unanitaka nimwache panapohitajika zaidi kwa mujibu wa risala. Nawaambia ukweli, nilikuja hapa nimedhamiria kumwacha Lwamba. Lakini nyinyi mmenishangaza! Mnaye mkunga, na mnashukuru! Nani leo hii anashukuru? Kwa hiyo, kwa uchungu mkubwa na kwa kuwa sina pengine, nampeleka kwa wale wasio na adabu wa Malungu."

Na watu wakapiga makofi, maana Heko mheshimiwa akinyamaza watu hupiga makofi, halafu ndipo wanaulizana amesema nini.

"Mheshimiwa!" Mwalimu Lugendo aliita. "Mheshimiwa, samahani, sisi hatu..."

Mkono wa Ndugu Mabruki ulikuwa umeshamshika bega. "Mwalimu, taratibu. Risala ikishasomwa ni taarifa ya serikali. Ukiikana sasa hivi unaikana sahihi yako mwenyewe, utafungwa. Kuna fomu ya marekebisho. Nitakusaidia kuijaza, wallahi."

Msafara ulikuwa umeshaanza kuondoka. Mwalimu aliuondoa ule mkono, akakimbia. Mzee wa miaka sitini na minne, na viatu vyake vya ugeni, kurasa nne mkononi, alilikimbiza gari la tatu katika vumbi la magari saba. Yule mkunga aligeuka, akamwona, akampungia mkono. Alidhani anaagwa.

*

Fomu ya marekebisho ilijazwa kesho yake. Nyamizi akaomba aende kwa shangazi na lori la Jumanne, na baba yake safari hii akakubali, akamfungia nguo na doti mbili za khanga. Lori halikuja Jumanne ile. Liliharibika. Jumanne iliyofuata lilikuja, likapitiliza, limejaa ng'ombe.

Uchungu ulimshika Alhamisi asubuhi, pamoja na damu. Majirani walitengeneza machela ya miti miwili na blanketi, wanaume wanane wakapokezana, na Mwalimu akatembea pembeni akimfunika uso kwa kofia yake. Walikwenda kilomita ishirini na mbili. Jua lilikuwa utosini.

"Baba, wamechoka," Nyamizi alisema. "Waambie wanishushe wapumzike."

Wakamshusha kando ya barabara, kwenye majani. Wanawake wawili waliofuatana nao wakazungusha khanga. Mtoto alitoka akilia kwa nguvu, wa kike, mzima. Damu ya mama yake haikuzuilika. Aliuliza kama ni wa kike, akaambiwa ndiyo, na hakuuliza tena jambo lolote. Mkunga yeyote mwenye sindano moja na mikono yake miwili angemwokoa. Naandika hivyo bila kupunguza, na wizara inisamehe.

Jibu la fomu lilifika siku ya arobaini. Lilimpongeza Mwalimu kwa kujaza nafasi zote, kwa kutotoka nje ya mistari na kwa kubandika picha. Lilieleza kwamba kumbukumbu za wilaya zinaonyesha Lwamba ina mkunga, na kuhusu msiba aliouongezea baadaye kwa barua, wizara inampa pole na kumshauri asiihusishe changamoto hiyo na suala lisilohusiana nayo. Ndani ya bahasha ileile mlikuwa na cheti chenye kingo za dhahabu. Risala ya Lwamba ilikuwa imechaguliwa kuwa Risala Bora ya Jamhuri. Ingechapishwa na kugawiwa vijiji vyote, viige.

Ndugu Mabruki alikileta mwenyewe. Alikaa kwenye benchi barazani, kofia ya pikipiki magotini, kwa muda mrefu. Kila alipofungua mdomo kutafuta pongezi ya kwanza, haikuja. Akavaa kofia, akaondoka. Nasikia siku hizi anauza matairi.

*

Miezi mitano baadaye, mtu mmoja alifika kwa Mwalimu Lugendo akisukuma baiskeli. Jina lake Shija, mkulima wa Kasanda, vijiji vitatu kutoka hapo. Alisoma mpaka darasa la nne. Alimkuta Mwalimu barazani amempakata mtoto, anamlisha uji kwa kijiko, nusu unaingia na nusu unabaki kidevuni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu ukae."

Shija alitoa mfukoni karatasi zilizokunjwa kwa uangalifu. Ilikuwa risala yenyewe, kurasa nne, imenakiliwa kwa mkono mzito, neno kwa neno. Lwamba imefutwa, imeandikwa Kasanda.

"Mheshimiwa anakuja kwetu mwezi ujao," Shija alieleza. "Wenzangu wamesema, twende kwa mwenye risala mwenyewe, atupe maoni. Tumeifuata kama ilivyo. Tunaomba utuambie kama kuna mahali tumekosea."

Mwalimu Lugendo hakuzigusa zile karatasi. "Mna mkunga?"

"Hatuna. Ndiyo tunamtaka."

"Mke wako je?"

"Ana miezi saba," Shija akasema, akatabasamu kwa haya, kama mtu aliyekamatwa na siri nzuri. Akanyoosha kidole, mtoto akakishika. "Huyu ni mjukuu?"

"Ni mtoto wa binti yangu."

"Mashallah. Mama yake yuko wapi, nimsalimie?"

Mwalimu akaweka kijiko kwenye bakuli. Tangu siku ile ya barabarani hakuwa amelisema jambo hili kwa mdomo wake. Lwamba nzima walijua, hakuna aliyemuuliza. Alijaribu kutafuta mahali pa kuanzia, akatafuta namna ya kumkaribisha msikilizaji, akakosa.

"Alikufa," akasema. "Alikuwa anajifungua. Hatukuwa na mkunga, naye akatoka damu mpaka akafa."

Shija alimtazama Mwalimu, akamtazama mtoto, akazitazama zile kurasa nne alizozinakili siku tatu kwa mwandiko wake mbaya. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na hakukusudia kumuumiza mtu.

"Hayo ndiyo ungeyaandika, Mwalimu," akasema.

"Ndiyo," Mwalimu Lugendo akajibu, na hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu amzike, alilia kwa sauti, mtoto akiwa magotini anamshangaa.